Hesabu Sitaziacha, Mama Nyangeta

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili mchana

Kwako mke wangu mpenzi, Mama Nyangeta,

Salamu nyingi zikufikie hapo Majita, wewe na wote waliomo nyumbani. Mimi huku ni mzima, ila goti la kulia linalalamika nikipanda mawe ya kwenda chumbani kwangu, na macho yameanza kudai miwani. Sijui mgongo wako unaendeleaje tangu palizi, wala kama mama amepona kile kikohozi. Ukijibu niambie ukweli. Usiniandikie "hatujambo" halafu nije kusikia mengine kwa wapita njia.

Barua yako nimeipokea mkononi mwa kaka yako Mafuru, aliyeshuka na basi la Musoma juzi Ijumaa. Nimeisoma mara tatu. Kamba uliyompa aje nayo nimeipata. Mafuru alipoitoa mfukoni nilidhani ni ya kufungia ng'ombe, kumbe ni ya kufungia sanduku langu, godoro langu na mimi mwenyewe. Sasa hivi ameenda sokoni kutafuta nyuzi za nyavu, na kesho asubuhi anapanda basi kurudi. Basi nikuambie la kwanza kabisa, usije ukasoma kurasa zote hizi huku ukingoja: atakayeshuka hapo kesho ni shemeji Mafuru peke yake. Mimi sirudi. Nakaa hapa mpaka nifanye mtihani wa hesabu mwezi wa kumi na moja.

Usikasirike kwanza. Kasirika ukimaliza kusoma.

Umeandika kwamba watu wanacheka, eti Magesa mwenye mvi anakaa benchi moja na watoto wanaonyonya. Waambie wanakosea. Mdogo kuliko wote darasani kwetu ana ndevu kunishinda mimi. Umeandika pia kwamba hata kiwandani wenzangu walioachishwa kazi wamekubali yaishe, wengine wamefungua genge la mboga, wengine wanauza mitumba, na mimi tu ndiye ninayeshindana na ukuta. Hilo ni kweli. Mzee mmoja wa zamu yangu aliniambia, "Magesa, asiyekubali kushindwa si mshindani." Nikamjibu kwamba mimi sijashindwa bado, nitakubali vipi kitu ambacho hakijatokea? Akatikisa kichwa akaenda zake.

Habari ya kiwandani nilikueleza nusu, kwa sababu ya aibu. Leo nakueleza yote. Yule mwekezaji alipochukua kiwanda, afisa utumishi wake alituita mmoja mmoja ofisini. Zamu yangu ilipofika akafungua faili, akatoa cheti changu cha kidato cha nne, akaweka kidole kwenye mstari wa hesabu. Pale pana F. Imekaa pale tangu tulipokuwa vijana mimi na wewe.

Akasema, "Bwana Magesa, miaka kumi na saba umesimamia karakana ukiwa na F ya hesabu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mkuu. Na tangu siku ya kwanza hakuna tenki la maji nililoliunda lililovuja."

Akasema hiyo ilikuwa enzi ya shirika la umma, sasa ni soko huria, na msimamizi wa zamu lazima awe amefaulu hesabu. Wakaniwekea juu yangu kijana anaitwa Deus, ana cheti cha chuo na adabu nzuri. Kila asubuhi kijana huyo ananivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ndogo bati likatwe wapi. Mimi namwonyesha. Yeye anaandika kwenye daftari, na mimi nashika msumeno kama kibarua. Simchukii Deus. Nachukia ile F.

Siku ile kabla sijatoka ofisini nilimuuliza afisa, "Nikileta D je?" Akacheka. Akasema nikileta D nitaikuta zamu yangu inaningoja, nafasi haitajazwa kwa kudumu mpaka matokeo yatoke. Nikamwomba aandike. Akaandika kwa kunikomesha, nadhani, akagonga na muhuri. Karatasi hiyo ninayo sandukuni, ndani ya Biblia. Kwa hiyo mnaponiambia nirudi nikaingie kuvua kwenye mtumbwi wa Mafuru, jueni kwamba mnaniambia niiache karatasi ile ioze.

Sasa nikueleze darasa lenyewe. Liko Mirongo, nyuma ya duka la mitumba, chumba kimoja chenye mabenchi sita na ubao uliopakwa rangi ya gari. Tunaanza saa kumi na moja jioni, nikitoka kazini nakwenda moja kwa moja na ovaroli. Mwalimu anaitwa Kashinje, Msukuma wa Magu, amemaliza kidato cha sita na anasubiri kwenda chuo kikuu. Kwa umri wake angeweza kuwa mwanangu, na ananiita "mzee," lakini akishika chaki hana huruma. Wanafunzi ni thelathini hivi, karibu wote wanarudia mtihani. Mimi wamenipa jina la Mzee Kosini, na jina hilo nililipata kwa jasho langu.

Ni hivi. Hesabu za pembe haziendi bila kile kitabu chembamba cha majedwali, ambacho Nyangeta wetu anacho pia huko shuleni. Unatafuta pembe yako, unapata namba, halafu pembeni kabisa kuna safu za vinamba vidogo vya kuongezea zile dakika zilizobaki. Kwenye sini unajumlisha. Kwenye kosini unatoa, maana kosini ina tabia yake, pembe ikikua yenyewe inapungua. Na juu ya ukurasa imeandikwa hivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi za mchwa. Mimi sikuona. Nilijumlisha kila mahali, miezi miwili mizima. Mtihani wa majaribio ulipokuja nikapata kumi na tisa kwa mia. Wiki hiyo, mke wangu, kama Mafuru angekuja na kamba yake ningeishika mwenyewe nikafunga sanduku.

Aliyenikomboa ni binti mmoja anayekata minofu ya sangara kwenye kiwanda cha samaki, anakaa benchi langu. Siku moja tulikuwa tunatafuta kosini ya nyuzi 36 na dakika 52. Yeye akapata 0.8000 kamili, mimi nikapata 0.8014. Akanitazama akasema, "Mzee, hapa si pa kujumlisha. Kosini inashuka hiyo, toa." Nikatoa. 0.8007 toa saba za mwisho, ikabaki 0.8000, safi kama sahani iliyooshwa. Nikarudi nyumbani nikalifungua daftari tangu ukurasa wa kwanza. Nilihesabu makosa thelathini na moja ya kosini, na yote yalikuwa ni hilo moja. Unajua nilivyofurahi? Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kuna nini. Maisha yangu yote niliamini nina kichwa cha jiwe, kumbe nilikuwa nashikilia kosa moja tu, na kosa moja mtu analiacha.

Lakini kisa ninachotaka ukimsimulie mama na majirani wote wanaocheka ni cha ngazi.

Mwalimu Kashinje anatufundishia pamfleti iliyochapwa Dar es Salaam. Maswali yako mbele, majibu yako nyuma. Swali la saba linasema hivi: ngazi ya mita tano imeegemea ukuta, mguu wake uko mita tatu kutoka ukutani, tafuta pembe kati ya ngazi na ardhi. Tulipewa tukafanye nyumbani. Nikachora ngazi yangu, nikagawanya tatu kwa tano, hiyo ni kosini, nikapata nyuzi 53 na dakika 8. Nikafungua nyuma. Imeandikwa 36 na dakika 52.

Sasa nitakueleza jambo la aibu linalofanywa na wanafunzi wote, na Nyangeta akisema halijui mwangalie machoni. Linaitwa kupika jibu. Ukiona lako na la nyuma ya kitabu hayalingani, huulizi nani amekosea. Unajua ni wewe. Unafuta katikati, unageuza hiki kuwa kile, unasukuma mpaka liangukie pale kitabu kinapotaka. Na mimi nilipika. Nilifuta kosini nikaandika sini, jibu likatoka vilevile kama la kitabu, nikajiwekea vema kwa mkono wangu.

Halafu sikuweza kutulia. Mimi nimepanda ngazi tangu ujana. Nikiifikiria ile ngazi ya nyuzi 36 naiona imelala kama mgonjwa. Nikaifuta sini, nikairudisha kosini yangu.

Kesho yake mwalimu akauliza nani kapata. Mikono yote juu. Madaftari yote 36 na 52, na kila daftari limepikwa kwa jiko lake. Mwingine kageuza tatu kuwa nne, mwingine kachora pembe iko juu ukutani. Nikasimama nikasema mimi nina 53 na dakika 8.

Mwalimu akasema, "Mzee, angalia nyuma ya pamfleti."

Nikamwambia, "Nimeangalia. Pamfleti imekosea."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mzee wangu, pamfleti hii imetoka Dar. Walioandika ni wataalamu. Wewe mtihani uliopita ulipata ngapi?"

"Kumi na tisa," nikamjibu, "lakini hata kama imetoka mbinguni, ngazi haisimami hivyo."

Akaniambia kama najua kuliko kitabu nitoke nje, nikafundishe huko. Nikatoka. Mke wangu unanijua. Zamani ningekwenda moja kwa moja nyumbani nikanuna wiki nzima. Safari hii nilikwenda kwa fundi rangi wa jirani nikaazima ngazi yake, ambayo ilikosa kidogo tu kufika mita tano, nikaibeba begani nikarudi nayo uani mwa darasa, nikapiga hodi dirishani. Nikawaambia wenye macho watoke.

Wakatoka wote, mwalimu wa mwisho. Nikapima mita tatu kutoka ukutani kwa futi kamba, nikaweka mguu wa ngazi. Nikachukua kipimapembe cha yule binti wa minofu, nikakifunga uzi wenye nati ili uonyeshe ngazi imelala kiasi gani, nikamwita mwalimu asome mwenyewe. Akasoma: hamsini na tatu kasoro kidogo. Nikasema, sasa tuiweke kama Dar walivyotaka. Nikauvuta mguu nje mpaka uzi ukaonyesha thelathini na sita. Nikamwambia, "Haya mwalimu, panda wewe uliyesoma." Kabla hajajibu, ngazi yenyewe ikaanza kuteleza, ikashuka ukutani ikikwaruza na kuangukia beseni la mama anayeuza vitumbua pale uani. Vitumbua vilikuwa vimeisha, namshukuru Mungu, ila beseni lilipinda na nililinyoosha mimi kesho yake karakanani.

Mwalimu Kashinje alisimama pale akiiangalia ngazi. Nilidhani atanifukuza kabisa. Akatoa kalamu nyekundu, akafungua pamfleti yake nyuma, akakata lile jibu, akaandika langu. Tulipoingia ndani akawaambia wenzangu, "Kila aliyepata thelathini na sita aniletee daftari aniambie aliipataje." Hakuna aliyepeleka. Mimi nikakaa kwenye benchi langu. Sijawahi kuwa mkaidi kiasi kile mbele ya mtu mwenye elimu, na sijuti.

Barua yako, mama watoto, usiniudhikie, naona nayo imeandikwa jibu kwanza. Jibu ni "rudi." Halafu zikatafutwa njia za kulifikia: majirani wanacheka, Mafuru ana nafasi mtumbwini, mtu wa miaka arobaini na miwili hana la kujifunza, mihogo haina mlimaji. Hayo mengine siyakubali hata moja. La mihogo nalikubali. Najua unalima peke yako na najua mgongo wako. Hilo linaniuma, na sina jibu lake zuri, ila Desemba nitakuja, mtihani uwe umekwenda vizuri au vibaya, na nitashika jembe mpaka nikuchoshe.

Lakini lipo lililonifanya niamue kabisa, na hukuliandika wewe. Kalisema Mafuru jana tukila ugali. Nilimuuliza habari za Nyangeta, nikitaka kusikia anavyojiandaa, maana mtihani wake ndio wangu, karatasi ileile, siku ileile. Mafuru akakwepa. Nikambana. Ndipo akasema, "Shemeji, yule ameshaacha hesabu."

"Ameachaje?"

"Ameacha. Wako kundi zima pale shuleni. Siku ya hesabu wataandika namba zao, watakaa nusu saa, watatoka wakasome somo linalofuata. Nilimsema. Akaniambia, mjomba, kama baba na ufundi wake wote zilimshinda, mimi ni nani?"

Mafuru aliona nimeacha kula. Akaongeza kwamba Nyangeta naye anacheka anapoulizwa habari zangu, kwa aibu ya wenzake. Sikumlaumu mtoto. Nilijilaumu mimi. Na mara hiyo nikajua kwamba nikipanda basi kesho na sanduku limefungwa kamba, Nyangeta hatahitaji mtu wa kumweleza kitu. Ataniona nashuka, na ataamini kwamba aliyosema ni kweli. Kwa hiyo hapa sipiganii zamu ya karakana peke yake tena. Hata afisa akiichana ile karatasi yake leo, mimi nitakwenda kwenye mtihani.

Nimempa Mafuru bahasha ya pili, ya Nyangeta. Nimemnakilia maswali arobaini ya pembe na ya kutafuta eksi, na njia zote, hata pale nilipokosea nimeacha kosa lionekane na kulipigia mstari. Kwenye ukurasa wa kosini nimemwandikia TOA kwa herufi kubwa. Usimlazimishe. Mpe tu, umwambie yametoka kwa Mzee Kosini wa Mirongo, na akiona nimekosea anisahihishe kwa barua. Akinikamata hata kwa swali moja nitafurahi kuliko mtu aliyeokota ng'ombe.

Nisalimie mama yangu mzazi, mwambie mwanawe hajarogwa, anasoma. Mpe shikamoo yangu baba mkwe, na umwambie asinitafutie nafasi kwenye mtumbwi wa mtu yeyote. Msalimie mdogo wangu Bwire na mkewe, na Bwire asaidie mihogo, nilimsomesha mimi. Mchungaji naye msalimie, ila asitangaze habari zangu kanisani mpaka matokeo yatoke. Wadogo zake Nyangeta wabusu wote.

Ni mimi mumeo anayekupenda na asiyesikia la mtu,
Magesa

Nyongeza. Nilishafunga bahasha nikaifungua tena. Mafuru amerudi, anafungia nyuzi zake kwa ile kamba, angalau imepata kazi.

Kuna jambo sijakuambia tangu tuoane. Uliponiuliza ilikuwaje nikapata F, nilikuambia siku ile nilishikwa na malaria nikashindwa kuandika. Hukuniuliza tena, ukanihurumia, na mimi nikaipokea huruma isiyokuwa yangu. Sikuwa na malaria. Nilisoma swali la kwanza sikulielewa, nikasoma la pili, nikaona wenzangu wawili wanainuka, nikainuka nami. Nusu saa ilikuwa haijaisha vizuri. Tulikwenda kuoga ziwani, tukacheka sana. Sikufungua hata ukurasa wa pili wa karatasi ile, na mpaka leo sijui kulikuwa na nini huko.

Mwambie Nyangeta hayo, yote, kwa mdomo wako, maana mimi kalamu yangu inaona haya. Na siku ya mtihani wa hesabu mwamshe mapema, mpe uji, msindikize mpaka barabarani. Mwambie saa ileile baba yake naye ameingia chumba cha mtihani hapa Mwanza na amekaa. Wenzake wataanza kuinuka, na wangu wataanza kuinuka. Mimi sitatoka kabla ya kengele. Naye asitoke.